Gemu yangu ina XP na levo. Je, ni RPG?

Swali: Natengeneza gemu ya mapigano ya upanga. Mchezaji anapata XP, yaani pointi za uzoefu, kwa kila adui anayemuua, anapanda levo, na kila levo inamwongezea asilimia 5 ya uhai na asilimia 5 ya nguvu. Maadui nao wanaongezeka kwa kiwango hichohicho ili gemu isiwe rahisi mno. Nataka kuitangaza kama RPG, yaani gemu ya kuigiza mhusika, lakini mwenzangu anasema ni gemu ya vitendo iliyobandikwa namba. Nani yuko sahihi? Na kama ni yeye, nibadilishe nini?

Jibu: Mwenzako. XP na levo peke yake havitoshi. Call of Duty 4 ya mwaka 2007 inatoa XP kwenye mapambano ya mtandaoni, ina levo, na levo zinafungua silaha mpya, lakini wote wanaijua kuwa ni gemu ya kufyatua risasi. Angalia mambo mawili: matokeo yanaamuliwa na wepesi wa mkono wa mchezaji au na uwezo wa mhusika? Na uwezo huo, mchezaji aliuchagua mwenyewe au alipewa tu?

Mzizi wa RPG uko kwenye michezo ya mezani. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, ilirithi kanuni za michezo ya vita ambako mtu aliongoza kikosi kizima, ikampa kila mchezaji mhusika mmoja. Mtu aliyekaa kitini hawezi kukata kwa upanga wala kufungua kufuli kwa waya, kwa hiyo namba za mhusika na kete zikafanya kazi hiyo kwa niaba yake. Kompyuta, ambayo kuhesabu ndiyo kazi yake, iliipokea kanuni hiyo bila shida. Gemu za kompyuta Ultima na Wizardry, zote za 1981, zimesimama juu ya msingi huo.

Sasa tupige hesabu ya gemu yako. Tuseme kwenye levo ya 1 mhusika ana uhai 100 na pigo la 20, adui ana uhai 200 na pigo la 10. Kila upande unahitaji mapigo 10 kummaliza mwenzake. Kufika levo ya 20, asilimia 5 imeongezwa mara 19, na kila namba imezidishwa kwa takriban 2.53. Mhusika ana uhai 253 na pigo la 50.6, adui ana uhai 506 na pigo la 25.3. Bado ni mapigo 10 kwa 10. Ukiung'oa mfumo wote wa levo usiku huu, kesho mchezaji ataona tofauti kwenye maandishi ya skrini tu.

Kosa hili limewahi kuwapata wakubwa. Katika Oblivion ya 2006, maadui wengi walipanda pamoja na mchezaji, hadi majambazi wa barabarani wakaonekana wamevaa deraya za thamani kubwa. Tena, aliyepanda levo kwa ustadi usio wa vita alijikuta dunia imekuwa ngumu huku yeye mwenyewe hajui kupigana. Kupanda levo kukawa adhabu.

Kwa hiyo anza hapo: ondoa ongezeko la maadui. Lipe kila eneo levo yake, au mipaka, kwa mfano 6 hadi 10, ili aliyeingia mapema apigwe na aliyerudi baadaye ahisi amekua. Halafu futa ile asilimia 5 ya lazima. Badala yake toa pointi 2 kila anapopanda levo, azigawe mwenyewe kwenye sifa tano zenye kikomo cha 10. Kwa kupanda mara 15 atakuwa na pointi 30, wakati kujaza sifa zote kutoka sifuri kunahitaji 50. Upungufu huo ndio wenye maana. Mchezaji anayeweza kupata kila kitu hajachagua chochote, amesubiri tu.

Sifa zenyewe zifanye kazi tofauti. Ukiweka nguvu, kasi na uhai peke yake, ndani ya wiki moja wachezaji watapata mgawanyo ulio bora kuliko yote na wote wataufuata. Angalau sifa mbili ziguse mambo nje ya vita. Fallout ya 1997 ina sifa saba, kila moja kati ya 1 na 10, na ukiishusha sana akili, mhusika anashindwa hata kuongea sawasawa na watu. Kwa upande wa pili, adui mkuu anaweza kushindwa kwa maneno, ukiwa na ushahidi na ufasaha wa kutosha. Huhitaji kufika mbali hivyo; lango moja lililofungwa linalovunjwa kwa nguvu, kufunguliwa kwa ustadi au kupitwa kwa kumshawishi mlinzi linatosha kuanzia. Ila XP iwe sawa kwa njia zote tatu. Ukilipa mauaji tu, wachezaji wataua, hata yule uliyemwandikia mazungumzo mazuri.

Kwenye upanga wenyewe kuna mtego. Usikopi kete za mezani moja kwa moja. Morrowind ya 2002 ilifanya hivyo: jicho linaona upanga umempita adui mwilini, hesabu inasema umekosa, na mchezaji anakasirika kwa haki. Oblivion iliachana na kanuni hiyo. Kwako, pigo lililogusa lihesabike. Ustadi uamue madhara yake, pumzi inayotumika, na kama adui anayumba. Kwa silaha za kulenga, Deus Ex ya 2000 ina suluhisho zuri: asiye na ustadi, alama yake ya kulengea hukaza polepole. Mkono wa mchezaji bado unafanya kazi, lakini ndani ya mipaka ya mhusika.

Kwa ushawishi na kufuli, amua mapema kati ya kete na kizingiti. Kete ya pande 20 dhidi ya ugumu wa 15, ukiwa na nyongeza ya 3 ya ustadi, unafaulu kete ikitoa 12 au zaidi, mara 9 kati ya 20, yaani asilimia 45. Nyongeza ikiwa 7, asilimia 65. Inasisimua, lakini mchezaji atasevu mlangoni na kurudia hadi afaulu. Fallout: New Vegas ya 2010 ilikwepa hilo kwa kizingiti: una ustadi wa kutosha au huna. Kwa gemu ndogo, chagua kizingiti. Ni rahisi kujaribu, na kinamtuma mchezaji kurudi akiwa amejiandaa badala ya kubonyeza tena na tena.

Mambo mengine yanayotajwa sana, kama mazimwi, hadithi ndefu, kupigana kwa zamu au kuunda sura ya mhusika, si vigezo. The Witcher 3 inakupa mhusika aliyekwishaundwa na bado ni RPG. Wala mipaka haina ukuta. Dark Souls ya 2011 wapo wanaoimaliza bila kupanda levo hata moja, kwa ustadi wa vidole, lakini inahesabiwa RPG ya vitendo kwa sababu sifa unazokuza zinaamua silaha na uchawi utakaoweza kutumia vizuri.

Kabla ya kuitangaza, tengeneza wahusika wawili wa levo ya 10 waliogawa pointi kinyume kabisa, uwape watu wawili wacheze eneo lilelile kwa nusu saa. Wakipita njia zilezile kwa silaha zilezile, iandike gemu ya vitendo yenye vipengele vya RPG. Wakikusimulia mambo mawili tofauti, andika RPG ya vitendo.