Kubadilisha mtungi wa klorini bila kuvuta moshi wake

Mtungi wa klorini uliosimama stoo, kofia juu na mnyororo kiunoni, ni nadra kumdhuru mtu. Kwenye mitambo ya kusafisha maji gesi hutokea zaidi kwenye maungio, pale fundi alipofungua na kufunga mwenyewe. Ndiyo maana makala hii inakaa sana kwenye ile robo saa ya kubadilisha mtungi.

Klorini ni nzito karibu mara mbili na nusu kuliko hewa. Ikitoka hutambaa sakafuni, huingia mitaroni na kutulia kwenye mashimo. Ndani ya mtungi ni kimiminika, na lita moja ikimwagika hugeuka gesi ya lita 450 hivi. Feni ya kutoa hewa inatakiwa iwe chini, karibu na sakafu, swichi yake iwe nje, na mlango ufungukie nje. Chumba chenye feni darini kimejengwa na mtu aliyekuwa anafikiria joto.

Washa feni, subiri dakika chache, ndipo muingie. Muingie wawili, na mmoja abaki mlangoni. Kifaa cha kupumulia chenye mtungi wake wa hewa kikae nje ya chumba. Sehemu nyingi hukitundika ndani, nyuma ya mlango, kwa hiyo siku gesi ikivuja itakubidi uifuate gesi ili upate kinga! Barakoa ya kichujio ni ya kukimbilia tu, haitoshi kuingilia penye uvujaji mkubwa. Na mwenye ndevu ajue hakuna barakoa inayoshika vizuri juu ya ndevu.

Funga valvu ya mtungi unaoisha na uache mashine inayopeleka klorini kwenye maji ivute mabaki hadi goroli ya kipimo cha gesi ishuke chini kabisa. Hapo ndipo ulegeze kiunganishi. Washa ya risasi iliyotumika, yaani ile pete laini ya madini ya risasi inayoziba maungio, itupe. Iangalie kwanza: utaona mfereji wa duara uliokandamizwa na mdomo wa valvu. Mfereji ule hauwezi kukaa mara ya pili mahali pale pale, na uvujaji mwingi wa baada ya kubadilisha mtungi huanzia hapo. Washa mpya ni bei ndogo sana, lakini bado utakuta mtu ameipindua ya zamani upande wa pili ili aibane tena.

Futa mdomo wa valvu ya mtungi mpya kwa kitambaa kikavu. Usipake grisi wala mafuta, kwa sababu klorini hushambuliana nayo vikali. Maji nayo yasiguse, kwani klorini yenye unyevu hugeuka tindikali inayokula chuma na shaba. Kaza kiunganishi kwa kiasi, kisha fungua valvu kidogo na uifunge papo hapo. Sasa chukua chupa laini ya plastiki yenye amonia kali ya viwandani (ile ya kufanyia usafi nyumbani huwa hafifu mno), uiminye ili itoe mvuke tu kuzunguka maungio. Ukiona moshi mweupe, panavuja. Usirushe matone, maana amonia hula shaba ya valvu. Pakiwa safi, fungua mzunguko mmoja. Huo unatosha, kuongeza hakuleti gesi zaidi.

Spana isizidi sentimita 20. Valvu ikigoma, piga mkono wa spana kwa kiganja. Ukivalisha bomba kwenye spana ili upate nguvu, utakata shina la valvu, na hapo hakuna wa kuifunga tena.

Mtungi wa kilo 68 hutoa takriban kilo 18 za gesi kwa siku kwenye joto la kawaida. Ukiulazimisha zaidi, hupoa na kushika barafu, na dozi hushuka. Kinachofuata ni mtu kuleta maji ya moto au jiko la mkaa. Mtungi una kizibo kilichotengenezwa kuyeyuka kwenye nyuzi 70 hivi, na kikiyeyuka gesi yote hutoka. Dawa ni kuunganisha mtungi wa pili sambamba.

Kuhamisha mitungi kuna hatari yake. Tarehe 27 Juni 2022, bandari ya Aqaba, Yordani, tangi la klorini lilidondoka kutoka kwenye kreni na watu 13 wakafa. Mtungi mdogo pia usiuinue kwa kofia wala kuuzungushia kamba. Tumia mkokoteni wenye mnyororo.

Gesi ikitoka, tokeni kwenda upande upepo unakotokea, tena palipoinuka. Pua isiwe kipimo chenu, maana huzoea harufu upesi. Kipimo cha ukutani kilie kwenye sehemu 1 kwa milioni au chini ya hapo, kwa sababu 10 kwa milioni tayari ni hatari kwa uhai. Anayerudi kufunga valvu avae kifaa cha hewa, na mwenzake aliyevaa vilevile awe tayari. Kama kimiminika kinatoka, geuzeni mtungi ili tundu liwe juu, itoke gesi pekee, kwani kiasi hupungua sana. Msimwagie maji penye tundu: tindikali italipanua.

Aliyevuta gesi atolewe kwenye hewa safi, akae ameinuka mgongo, apewe oksijeni ikiwepo. Macho yasafishwe kwa maji yanayotiririka dakika 15. Maziwa, ambayo karibu kila karakana huyakimbilia, huenda tumboni na gesi iko mapafuni. Apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu, na mumwambie daktari ni klorini, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, akiwa ameshalala nyumbani.