Kwa nini CT scan kwanza, dawa baadaye?

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu alipooza ghafla upande wa kulia na kushindwa kusema. Nilitegemea apewe dawa papo hapo, lakini alipelekwa kwanza kwenye CT scan ya kichwa. Eksirei ya kawaida isingetosha? Na ile mionzi haitamdhuru?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Waliomkimbiza kwenye mashine walifanya sahihi, ingawa najua dakika zile zilikuwa ndefu kwako.

Kiharusi ni cha aina mbili: mshipa wa ubongo huzibwa na donge la damu, au hupasuka na damu ikavuja. Ukimtazama mgonjwa huwezi kutofautisha. Mkono hulegea vilevile, mdomo hupinda vilevile. Lakini dawa ya kuyeyusha donge, inayomwokoa wa kwanza, inaweza kumuua wa pili. Hata daktari mzoefu hawezi kubahatisha hapo.

Eksirei ya kawaida hulaza kila kitu juu ya kingine katika picha moja, na mfupa wa fuvu huuficha ubongo. Kwenye CT, ndani ya ile pete kubwa, mrija wa eksirei humzunguka mgonjwa huku vipokezi vya upande wa pili vikipima mionzi iliyopenya katika kila pembe. Kompyuta hukokotoa vipimo hivyo vyote na kutoa picha za vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, hadi utosini.

Kila nukta ya picha ina namba yake, inayoitwa kwa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza aliyebuni mashine hii; mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971. Maji ni 0, hewa ni -1000. Ubongo huwa 30 hadi 40 hivi, na damu iliyotoka kuvuja hufika 60 au 70. Tofauti hiyo ndogo inatosha: ubongo hutoka kijivu, damu hutoka doa jeupe.

Naomba ulishike hili. Kama ni donge, picha ya saa za mwanzo inaweza kuwa safi kabisa, maana ubongo uliokosa damu huchukua muda kubadilika. Ndugu wengi hufurahi wakisikia "CT haina kitu", wakadhani si kiharusi. Sivyo. Inamaanisha hakuna damu iliyovuja, kwa hiyo dawa ya kuyeyusha inaweza kufikiriwa, na kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Ndiyo sababu tunawauliza ndugu, tena na tena, mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi.

Kuhusu mionzi, CT moja ya kichwa ni takribani milisiveti 2, karibu na kiasi ambacho mtu hupata kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Hatuipigi bila sababu, hasa kwa watoto. Kwa mama yako sababu ilikuwepo.