Hemi inalia tik-tik asubuhi: tapeti au bolti?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nipo Houston, Texas. Mwaka jana nilinunua gari la ndoto zangu, Dodge Challenger R/T ya 2016, injini ya Hemi ya lita 5.7, gia otomatiki. Nikiiwasha asubuhi inalia tik-tik-tik, ikishapata moto inanyamaza. Fundi mmoja kasema tapeti (vile vipande vinavyosukuma valvu zifunguke) zimekufa, niandae hela ya injini. Mwingine kasema niweke oili nzito. Nimfuate yupi?

Jibu: Salama kaka, na hongera. Mimi mwenyewe V8 hiyo (injini ya silinda nane) ikiwashwa gereji huweka spana chini nikasikiliza kwanza. (Ubabe wote huo wa Kimarekani, na gari limeundwa Brampton, Canada!)

Hela ya injini iache benki. Mlio unaokuja injini ikiwa baridi na kupotea ikipata moto, kwenye 5.7 mara nyingi ni bolti iliyokatika ya manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda. Hedi, sehemu ya juu ya injini inayofungwa manifoldi hiyo, ni ya aluminiamu, ambayo kwa joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha manifoldi. Kila ukiwasha na kuzima vinavutana, bolti ikiwa katikati, mpaka siku kichwa chake kinadondoka. Mara nyingi ile ya nyuma kabisa, karibu na kabini. Moshi unapenya hapo, tik. Chuma kikipata moto kinatanuka, mwanya unajiziba.

Kesho kabla ya kuwasha, fungua boneti, chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi, chungulia bolti moja moja pande zote mbili. Ukiona tundu lisilo na kichwa cha bolti, au masizi meusi kandokando ya gasketi, umeshapata jibu. Kazi ngumu ni kutoa kipande kilichobaki ndani ya hedi. Sisi huchomelea nati juu yake, kisha tunakifungua taratibu. Mwenye papara atakupasulia hedi bure. Zikishafunguliwa, weka bolti mpya zote za upande huo na gasketi mpya.

Tapeti ikifa haichagui baridi wala moto. Inagonga, inazidi, silinda inaanza kukosa kuwaka na taa ya injini inawaka. Kirola chake hapo kinakula kamshafti, shafti inayoisukuma tapeti.

Oili nzito hapana. Ukitembea taratibu barabara kuu, gari lako huzima silinda 1, 4, 6 na 7 kubana mafuta, na pini zinazofanya kazi hiyo ndani ya tapeti husukumwa na presha ya oili, kwa hiyo uzito wa oili una maana. Kiwanda kimekupangia oili nyepesi ya 5W-20, kwoti 7 pamoja na filta. Ile 0W-40 wanayosifia wenye Hellcat (Dodge za nguvu zaidi) ni ya injini zao za lita 6.2 zenye supachaja, pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini.

Bolti zote zikiwa nzima na mlio unaendelea hata injini ikiwa moto, usiliendeshe tena. Ita gari la kuvuta.