Wazazi Wanakuja Ludlow: Niwaonyeshe Nini?

SWALI

Kwa mwandishi wa safu hii. Mimi ni mzaliwa wa Ziwani, Nairobi, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikifanya kazi ya uuguzi huku Uingereza, katika mji mdogo uitwao Ludlow, Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Mwezi wa Juni wazazi wangu watanitembelea kwa majuma matatu, na itakuwa mara yao ya kwanza kupanda ndege. Baba ana miaka 71. Alikuwa fundi katika karakana ya reli ya Nairobi hadi alipostaafu, na goti lake la kulia humsumbua. Mama ni Mwanglikana, mwanachama wa Mothers' Union, na kwa miaka thelathini ameuza mitumba Gikomba. Wenzangu wananishauri niwapeleke London siku zote, kwa sababu huku kwetu, wasemavyo, hakuna kitu. Mimi mwenyewe naona aibu kidogo, maana mji una watu kama elfu kumi tu, na maduka mengi hufungwa saa kumi na moja jioni. Nahofia pia kwamba majirani, ambao tangu nihamie hapa wamekuwa wakinipungia mkono tu, hawatakuja kuwajulia hali, na mama atavunjika moyo. Halafu kila akinipigia simu anauliza abebe nini. Naomba ushauri.

Binti wa Ziwani

JIBU

London wape siku mbili, basi. Wauone mto na majengo ya Bunge, wapige picha za kuwaonyesha wenzao wa Ziwani, kisha warudi Ludlow, kwa sababu wazazi wa aina unayoieleza wana mengi ya kutazama huko kwako kuliko unavyodhani, mradi usiwachagulie kwa kufuata vijitabu vya watalii bali kwa kufuata kazi waliyoifanya na imani waliyokulia.

Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kukosea. Nilipokuwa nikiishi huko, kabla ya kurudi Nairobi, nilimpokea mjomba wangu kutoka Githurai, nikamzungusha vijiji sita vya Cotswolds, eneo la mashambani linalopendwa na watalii, kwa siku moja, nyumba za mawe ya rangi ya asali moja baada ya nyingine, na tulipofika kijiji cha tatu alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma. Alichokuja kuwasimulia watu nyumbani hakikuwa nyumba hizo. Kilikuwa meza ndogo tuliyoikuta kando ya barabara, mbele ya lango la shamba, juu yake pana trei za mayai, mkebe wa bati wenye tundu, na kikaratasi kilichoandikwa bei. Mjomba alisimama akingoja mwenye mayai atoke. Nilipomweleza kwamba hakuna atakayetoka, kwamba mtu hujichukulia mayai, akatumbukiza pesa na kwenda zake, alinitazama kwa muda, akautikisa mkebe asikie kama kweli una kitu ndani, ukalia, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tulinunua mayai sita. Aliyahesabu mara mbili, kana kwamba mwenyewe anatuchungulia dirishani.

Basi anza na baba. Chini ya saa moja kwa gari kutoka kwako kuna mji wa Bridgnorth, ambako huanzia reli ya Severn Valley, njia ya kilomita 26 hivi hadi Kidderminster. Njia hiyo ilifungwa katika miaka ya 1960, wapenzi wa reli wakaifufua wenyewe na kuanza kubeba abiria tena mwaka 1970. Injini nyingi ni za mvuke, na wengi wa wanaozihudumia ni watu wa kujitolea, wastaafu wenye ovaroli zilizoloa grisi na muda wa kutosha wa kuzungumza. Usimketishe baba kwenye behewa tu kama abiria. Karibu na stesheni ya Bridgnorth ipo karakana ya injini. Mkikutana na fundi, mwache mzee amwambie mwenyewe kwamba alifanya kazi katika karakana ya Nairobi. Zile injini kubwa za Garratt zilizokuwa zikipanda kutoka Mombasa, kama ile ya aina ya Class 59 iliyosimama hadi leo katika Makumbusho ya Reli hapa jijini, ziliundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katika miaka ya 1950, na kwa wapenzi wa reli wa Uingereza mtu aliyewahi kuzigusa kwa mikono yake si mgeni wa kawaida. Hutajua tena nani anamwonyesha mwenzake kitu. Hakikisha tu mapema kwamba siku mtakayokwenda treni zinatembea, kwa maana hazitembei kila siku.

Siku hiyo hiyo, kama goti linaruhusu, mpeleke Ironbridge, ambako si mbali na Bridgnorth. Daraja la huko, lililosimamishwa mwaka 1779 na kufunguliwa 1781, ndilo daraja kubwa la kwanza duniani kujengwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Mwambie baba atazame viungo vyake: kwa kuwa hapakuwa na aliyewahi kujenga kitu kama hicho, mafundi waliunganisha vipande vya chuma jinsi seremala anavyounganisha mbao, ulimi ukiingia tunduni. Kwenye nyumba ya ushuru iliyo mwisho wa daraja kuna ubao wa bei za zamani unaotangaza kwamba kila apitaye hulipa, askari akiwa kazini au asiwe, na jamaa ya mfalme vilevile. Mtafsirie ubao huo polepole. Mtu aliyekaa miaka mingi ndani ya matatu akingoja msafara wa wakubwa upite Uhuru Highway ataupata utamu wake.

Kwa mama huhitaji hata kuwasha gari. Ngome iliyo hapo mjini kwenu, iliyoanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 11, ndiyo aliyofia Arthur, mrithi wa kiti cha ufalme, mwezi wa Aprili 1502, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano aliyeoa miezi michache tu kabla. Baada yake urithi ulimwendea mdogo wake, Henry VIII, ambaye alimwoa mjane yuleyule, Catherine wa Aragon. Na alipotaka kumwacha na Papa akakataa, alilitenga Kanisa la Uingereza na Roma mwaka 1534. Ukimsimulia mama habari hiyo mkiwa mmesimama ndani ya kuta zenyewe, ataona kwamba sababu mojawapo ya yeye kuitwa Mwanglikana ni ugonjwa wa mtoto wa watu mahali hapo. Nadhani atamwombea.

Jumapili mpeleke kanisa la St Laurence, lakini mwandae kwanza. Jengo ni kubwa na mnara wake huonekana kutoka mbali, ila waumini huenda wakawa wachache, wengi wao wenye mvi, na mama aliyezoea ibada zilizojaa hadi watu wakaketi nje kwenye mahema anaweza kuhuzunika. Asiharakishe kutoka ibada ikiisha, maana mara nyingi hufuata chai na biskuti, na hapo ndipo watu hufungua midomo. Avae beji yake. Mothers' Union ilianzishwa na Mary Sumner mwaka 1876 katika parokia ya kijijini huko Hampshire, na leo ina wanachama wengi zaidi nje ya Uingereza kuliko ndani, kwa hiyo mwanachama kutoka Nairobi ni mtu wa kukaribishwa mezani na kuulizwa maswali, si wa kuangaliwa kwa mbali.

Soko la uwanjani mbele ya ngome atalipenda, ingawa umtahadharishe kwamba bei iliyoandikwa ndiyo bei. Hata hivyo mahali patakapomshika kweli ni maduka ya hisani, yale yanayouza nguo na vyombo vilivyotolewa bure na wakazi ili fedha ziwafae wagonjwa, wazee au wanyama. Wanyama, ndiyo, hilo mweleze taratibu. Mama wa Gikomba ataishika kola ya koti, atageuza ndani nje, atasoma lebo, atapitisha kidole kwenye mshono wa kwapa, na kabla hujamaliza kuvua miwani atakuwa ameshatenga kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, na fagia, zile za mwisho. Nguo ambazo maduka hayo hayakuziuza huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, na sehemu yake hufungwa marobota na kuletwa katika nchi kama yetu. Miaka thelathini amekuwa akifungua marobota bila kuona yanakoanzia. Mpe saa nzima humo, na usimharakishe. Ukipenda, nenda ukanywe kahawa duka la jirani.

Kuna jambo moja la mashambani ambalo wazazi wetu hawaliamini mpaka waone. Uingereza na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma ambazo mtu yeyote ana haki ya kuzipita kwa miguu, nyingi zikikatiza katikati ya mashamba ya watu binafsi, na mkulima akilima juu ya njia hiyo hulazimika kuirudisha. Njia za wapita kwa miguu huonyeshwa kwa mshale wa manjano. Baba yako atasimama langoni na kukataa kuingia, kwa sababu alikokulia mtu akikatiza shamba la wenyewe huulizwa anatafuta nini, na anaweza kuitiwa mbwa. Tangulia wewe, ufunge kila lango baada ya kupita, na mkikutana na mkulima msalimieni. Kwa ajili ya goti, epuka njia zenye vidaraja vya mbao vya kupanda na kuruka ua. Siku ya kupumzika goti hilo, pandeni treni hadi Shrewsbury, mwendo wa nusu saa hivi, mtembee kwenye bustani ya Quarry kando ya mto Severn, ambako ni tambarare. Charles Darwin alizaliwa katika mji huo mwaka 1809. Mwanafunzi atajali, baba huenda asijali.

Mkipita vijijini mtaona mnara wa mawe wenye majina ya wakazi waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Karibu kila kijiji kinao, hata chenye nyumba chache tu, na pengine jina la ukoo mmoja limechongwa mara tatu. Wazazi wako wanaishi hatua chache kutoka Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo katika vita hivyohivyo wakafa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi. Mnara wa kuwakumbuka wao na askari uko Kenyatta Avenue, sanamu tatu na maandishi, ya Kiswahili yakiwemo, bila jina hata moja la mtu. Mimi nimeupita miaka yote nikikimbilia basi nisilione hilo. Nililiona nikiwa mbele ya mnara wa kijiji cha Kiingereza, mvua ikininyeshea. Msimwambie baba neno. Msomeeni majina tu.

Sasa majirani. Usingoje waje kubisha hodi, kwa sababu kwa desturi ya huko kumwendea mtu bila taarifa ni kumsumbua, na anayekupungia mkono kila asubuhi kwa miaka minne huenda anajihesabu kuwa rafiki yako. Andika kadi, uitumbukize katika milango minne au mitano wiki moja kabla, ukitaja siku na saa: wazazi wangu wamefika kutoka Nairobi, karibuni kwa chai Jumamosi, saa tisa hadi saa kumi na moja. Taja saa ya kumaliza, hata kama mkono utakuwa mzito kuiandika. Watafika kwa wakati, watakaa kwa adabu, na saa kumi na moja itakapogonga watasimama wote kwa pamoja kama walioitwa. Mwambie mama mapema asidhani maandazi yake hayakuwapendeza. Kukikosekana mazungumzo, anzisheni habari ya hali ya hewa au ya mbwa wa mtu. Mkialikwa nyinyi kula kwenye baa ya kijijini, ambayo ni pahali pa familia na chakula cha mchana cha Jumapili kuliko pa ulevi, agizo hutolewa na kulipwa kaunta. Mama asikae mezani akimngoja mhudumu.

Waandae pia kuhusu jua, maana mwezi wa Juni litazama karibu saa tatu na nusu usiku, na saa zetu za Kiswahili, ambazo huhesabiwa kwa mapambazuko na machweo ya huku kwetu, zitawachanganya: itakuwa saa tatu usiku na bado baba anasoma gazeti nje bila taa. Nunua mapazia mazito, la sivyo watalala saa tano na kuamshwa na ndege saa kumi na nusu alfajiri. Sweta wabebe, Juni au si Juni.

Kuhusu mzigo, mama abebe viondo vitatu vya zawadi na nafasi tupu ya kurudi na nguo. Majani ya chai asihangaike nayo, kwa kuwa sehemu kubwa ya chai inayonywewa huko imetoka Kericho, Limuru na kwingineko nchini mwetu. Nunua wewe sufuria kubwa na maziwa ya kutosha. Siku ya wageni mwache aichemshe pamoja na maziwa na tangawizi, jinsi anavyojua, mbele ya majirani waliozoea kumimina maziwa baridi kikombeni, nawe uketi na baba sebuleni, usiingilie.