Re: Kwa nini watu kwenye The Mist wanakuwa wajinga ghafla?

Mkuu, umeuliza kwa nini wale watu waliokwama supamaketi kwenye muvi ya The Mist wanaanza kumfuata mama Carmody, yule mama wa dini kali, wakati mwanzoni walikuwa wanamwona kichaa. Mi naona tatizo sio yale madudu yaliyoko kwenye ukungu, tatizo ni ukungu wenyewe, hawaoni kitu, hawajui kilichoko nje ni nini wala kitaisha lini, na akili ikikosa jibu inabeba jibu lolote lililo karibu hata kama halina kichwa wala miguu. Mama Carmody ndo anaongea kwa uhakika mle supamaketi basi!

Norton, yule wakili, naye ni hofu hiyohiyo ila imejificha kwenye usomi, anaambiwa njoo uangalie ushahidi anagoma, anatoka nje ndo imetoka hiyo.

Ila kwangu balaa ni David, mhusika mkuu tuliyekuwa tunamwamini (kama hujamaliza muvi ishia hapa). Mafuta yanaisha, anawapiga risasi wote aliokuwa nao garini ili wasiuawe na madudu, mtoto wake akiwemo, dakika chache tu jeshi la kuokoa watu hilo hapo. Na mwisho huo kwenye hadithi ya Stephen King haupo, dairekta wa muvi, Frank Darabont, kauweka mwenyewe.