Leya saba zitakaa kichwani ukiziona ndani ya pakiti zako mwenyewe

Mkuu umesema leya saba za OSI (ngazi zinazogawa kazi ya mawasiliano ya mtandao) unazitaja hata kinyumenyume ila ukikutana na mtandao uliogoma hujui uanze kushika wapi. Noti ziweke pembeni kwanza, shusha Wireshark, programu inayokamata pakiti (vipande vya data) zinazopita kwenye kompyuta yako, ni ya bure, ipo tangu 1998 enzi hizo ikiitwa Ethereal, na kwenye Windows ikikuomba uweke na Npcap (kiendeshi cha kukamatia pakiti) wewe kubali maana bila hiyo haikamati kitu. Mimi kazi yangu ni mitandao ya maofisini na kila kijana anayekuja kwangu fildi naanza naye hapa kabla hajagusa swichi.

Usifungue tu ukaacha imwage kila kitu, utaona maelfu ya mistari ukate tamaa. Funga brauza, funga WhatsApp ya kompyuta, chagua kadi yako ya waifai, anza kukamata, kisha nenda kwenye dirisha la komandi uandike ping 8.8.8.8, yaani unaigongea hiyo mashine uone kama inajibu. Majibu manne yakirudi simamisha, halafu kwenye kisanduku cha filta andika icmp, ndio itifaki ambayo ping inaitumia. Unabaki na mistari 8 tu, minne ya kuuliza na minne ya kujibu.

Bofya wa kwanza uangalie chini. Ethernet baiti 14, IP baiti 20, ICMP baiti 8, halafu data, ambayo kwa Windows ni baiti 32 za herufi kuanzia a mpaka w kisha zinaanza upya. Jumla 74, na ndio namba utakayoiona kwenye safu ya urefu. Leya ndio hizo, kila moja imebandika heda yake (maelezo yake ya mwanzo) mbele ya ile ya juu yake, na ukibofya heda yoyote Wireshark inakupakia rangi baiti zake kabisa.

Sasa hapa kaa hata saa nzima, usiharakishe. IP (anwani ya mashine kwenye mtandao) ya unakokwenda ni 8.8.8.8, ya Google. Je MAC (anwani ya kadi ya mtandao) ya unakokwenda ni ya nani? Wengi wanajibu ya seva ya Google, hapana, ni ya ruta yako, andika arp -a (inaorodhesha IP za jirani na MAC zake) ulinganishe utaona zinafanana (kama umetumia hotspot basi ni ya simu yako). Ni kama mzigo unaotoka Mbeya kwenda Bukoba, njiani unabadilishiwa basi ila jina la mpokeaji juu ya boksi ni lilelile. MAC inaishia kwenye kipande kimoja cha safari, ruta inaivua na kuvalisha nyingine, IP ya mwisho wa safari inabaki. Ndio maana leya ya pili (ya MAC) na ya tatu (ya IP) zimetenganishwa, na mtu akishaliona hili kwa macho yake mimi najua huyu ameshavuka. Ruta yako itabadilisha IP ya mtumaji pia kwa sababu ya NAT lakini hiyo iache kwanza.

Angalia na TTL, idadi ya ruta ambazo pakiti inaruhusiwa kupita. Inatoka kwako ikiwa 128 kama ni Windows au 64 kama ni Linux, na kila ruta inapunguza moja, ikifika sifuri pakiti inatupwa. Traceroute, komandi inayoonyesha ruta za njiani, yote imejengwa juu ya hiyo tabia.

Utauliza kwenye kazi halisi inasaidia nini. Kuna ofisi moja asubuhi nusu ya watu walikuwa na intaneti nusu hawana, na kila mtu analaumu laini ya fiba. Nikakamata kwenye mashine moja, nikaweka filta ya dhcp (itifaki ya kugawia mashine IP), nikaiachisha mashine IP yake na kuomba upya, ombi likatoka moja ila zikarudi ofa mbili, moja ya ruta yao na nyingine imetoka kwenye MAC nisiyoijua inagawa 192.168.0 wakati ofisi nzima ni 192.168.1. Mtu alileta kiruta cha waifai kutoka nyumbani akakichomeka kwenye soketi ya ukutani. Nikaitafuta ile MAC kwenye swichi, poti ikajulikana, kikachomolewa, kazi ikaendelea.

Ukishazoea hapo ingia TCP, itifaki inayofungua muunganisho kwanza kabla ya kutuma data. Fungua neverssl.com, imewekwa bila https makusudi kabisa. Kwanza DNS poti 53 (hapa poti ni namba ya huduma, sio tundu la swichi) inauliza jina, inarudi na IP, halafu SYN, SYN-ACK, ACK (salamu tatu za kufungua muunganisho), ndipo ombi lenyewe la GET ambalo utalisoma herufi kwa herufi. Rudia na tovuti ya https uone tofauti, mara nyingi utapata jina la tovuti kwenye salamu ya kwanza ya TLS (usimbaji wa https) na yanayofuata huyasomi. YouTube kwa Chrome mara nyingi hutakuta TCP kabisa, utakuta QUIC (itifaki nyingine ya wavuti) juu ya UDP (inayotuma bila salamu za TCP) poti 443, usishtuke.

Kamata ya kwako tu au pale uliporuhusiwa, kwa hapa Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila ruhusa na sio jambo la kuchezea.

Na ile SYN ijue vizuri sana maana ndio inayokwambia tatizo liko wapi. Ikirudiwa rudiwa bila jibu, kuna fayawoli inaimeza au mashine ya upande wa pili haipo hewani. Ikijibiwa RST (kukataliwa) mara moja, basi kwa kawaida mashine ipo na njia ni nzima, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye hiyo poti, kawashe huduma yako kwenye seva na uache kusumbua watu wa fiba.