Nilikwenda chuo kuchora magauni, nikakutana na hesabu

Siku ya kuonyesha kazi zetu za muhula wa pili, mwalimu alilishika gauni langu mabegani, akaligeuza ndani nje, akavuta mshono wa ubavuni, akaligeuza tena. Nilishajiandaa kusifiwa. Akauliza kitu kimoja tu: "Unaliuza shilingi ngapi?"

"Elfu themanini, Madam."

"Kwa nini themanini?"

"Kwa sababu ni zuri."

Darasa zima likacheka. Akaniita ubaoni na chaki mkononi, akaanza kuniuliza nami naandika. Kitenge yadi 6 kwa 5,000, hiyo 30,000. Bitana mita 3 kwa 4,000, hiyo 12,000. Zipu 1,500. Uzi 1,500. Shanga za kifuani 15,000. Nauli ya kwenda Kariakoo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilisahau zipu, 4,000. Kisha akauliza nimelishona kwa siku ngapi. Siku nne. "Kama ungekuwa unamshonea mtu mwingine, angekulipa ngapi kwa siku?" Nikasema elfu kumi. Jumla ikafika 104,000. Yaani kila gauni ningeliuza kwa hasara ya 24,000, nikiwauzia watu kumi ningekuwa nimegawa sadaka ya 240,000 na bado nikajiita mfanyabiashara.

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu inajaa ujumbe wa wadogo zangu wanaotaka kusomea ubunifu wa mavazi. Karibu wote wananiambia wanajua kuchora. Ni vizuri, ila mimi pia nilikuwa najua kuchora, na katika miaka yangu ya biashara hapa Dar sijawahi kumuona mteja aliyelipia mchoro. Somo ambalo wengi wetu tulilala nalo darasani, lile la biashara ya mavazi, la ununuzi, bei, saizi na stoo, ndilo linalonilipia kodi ya fremu mpaka leo.

Tuanze na kuchagua chuo, nalo halihitaji maneno mengi. Hakikisha kina usajili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, au nenda VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, ambako kozi ya ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo ipo na ada yake kwa kawaida haiumizi kama ya vyuo vingi binafsi. Halafu usiishie ofisi ya usajili. Omba uingie karakana siku ya masomo, uhesabu vyerehani vinavyofanya kazi, uhesabu na wanafunzi. Ukikuta watu watano wanasubiri cherehani kimoja, ujue utahitimu ukiwa bingwa wa kusubiri. Angalia pia kama kuna mashine za viwandani au ni za mguu tu. Ya mguu itakufundisha subira, lakini ukiajiriwa kiwandani mashine ya umeme itakukimbia na kitambaa mkononi.

Sasa vitambaa. Hapa ndipo ningekaa na wewe siku nzima.

Jambo la kwanza nililolipia kwa fedha yangu ni tofauti ya yadi na mita. Yadi 6 si mita 6. Ni kama mita 5 na nusu, na ile nusu mita inayokosekana ndiyo mikono ya gauni. La pili ni upana. Kitenge huwa na upana wa inchi 45 hivi, vitambaa vingi vya suti vinafika 60, kwa hiyo hesabu uliyofanyia suti huwezi kuihamishia kwenye kitenge. La tatu ni maua yenyewe. Kitenge chenye ndege au miti kina juu na chini. Ukipanga vipande kichwa huku na miguu kule ili ubane kitambaa, mteja atavaa ndege wanaolala chali mgongoni. Kitambaa cha namna hiyo nunua cha ziada, na gharama hiyo iingie kwenye bei.

Khanga nayo ina heshima zake. Ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Ukilikata jina katikati, maneno yanayobaki kifuani kwa mama wa watu yanaweza kuwa tusi. Nilishashuhudia, na sitayaandika hapa.

Halafu kuna "pamba asilimia mia" ya Kariakoo. Omba uzi mmoja wa kitambaa, nenda pembeni, uchome. Pamba huungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, na majivu yake ni laini, ukiyasugua yanapotea vidoleni. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu. Hariri na sufu zinanuka kama nywele zilizoungua. Wauzaji wengine wananuna ukichoma. Waache wanune, wewe ndiye utakayevaa lile joto la Februari. Pamba ukishainunua, ifue kwanza kabla ya kukata. Mimi niliwahi kushona gauni la pamba juu ya bitana ya poliesta bila kufua. Lilipofuliwa mara ya kwanza gauni likapanda, bitana ikabaki chini inachungulia kama shumizi ya bibi.

Jumamosi, badala ya kulala bweni, nilikuwa nakwenda kukaa kibarazani kwa fundi mmoja mzee. Hakuwahi kukanyaga chuo. Chuoni tulikata kwa patani ya karatasi, yeye alikuwa anachora chaki moja kwa moja juu ya kitambaa cha mtu, na mkono hautetemeki. Lakini alichonifundisha hasa ni kupima. Mwanamke akizungushiwa futi kamba kiunoni anavuta tumbo ndani, hilo halina mjadala. Ukiandika namba hiyo umekwisha, gauni litarudi. Yule mzee alikuwa anazungusha futi kamba, kisha anauliza taratibu, "Watoto hawajambo?" Mama akishaanza kusimulia, tumbo linarudi mahali pake, naye anaandika. Nyonga alikuwa anampima mtu akiwa amesimama, kisha akiwa ameketi, na anachukua ile kubwa. Vitabu vyetu havikuwa na hilo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tafuta fundi wa mtaani ukiwa bado mwanafunzi. Fagia kibaraza chake, mshonee pindo na vifungo. Usimwambie umesoma nini.

Turudi kwenye hesabu, maana najua ulikuwa unaikimbia.

Tuseme blauzi umeinunua kwa jumla 12,000 na unaiuza 20,000. Faida ni 8,000. Ukiigawa kwa bei ya kununulia unapata asilimia 67. Ukiigawa kwa bei ya kuuzia unapata asilimia 40. Zote ni sahihi, lakini zinajibu maswali tofauti, na kuzichanganya kunaua maduka. Nina rafiki aliyekuwa anajivunia asilimia 67 yake. Biashara ilipodorora akaweka bango la punguzo la nusu bei, akiamini bado kumi na saba iko mfukoni. Nusu ya 20,000 ni 10,000. Kila blauzi iliyotoka ilimchukulia 2,000, na duka likajaa watu siku hiyo, akapiga na picha.

Saizi ndizo zilizonikomesha mimi. Mwaka wangu wa kwanza wa biashara nilishona magauni 24 kwa ajili ya Idi. Yalikuwa mazuri, hata leo nasema. Niliyashona kwa kufuata lile sanamu la kuvalishia nguo la chuoni, saizi 10, 12 na 14, nane nane. Wateja wangu wa Sinza walikuja, wakayapenda, wakayashika, wakauliza "una kumi na nane?" Idi ikapita nikiwa na magauni 15 kwenye henga. Sanamu la chuoni halijazaa, halili chapati na halina shangazi. Siku hizi kabla ya kukata mzigo nafungua daftari la mauzo ya miezi mitatu, naangalia saizi zipi zilitoka na zipi ziliuliziwa zikakosekana. Hizo za kuuliziwa ziandike pia, kwani risiti haziwezi kukuonyesha mauzo uliyoyakosa.

Daftari hilo lina mistari minne tu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, wiki ngapi. Vikiingia 20 na vikatoka 14 ndani ya wiki nne, nimeuza asilimia 70, nashona tena bila hofu. Vikitoka vitano, navisogeza kwanza. Navihamishia ukuta unaotazama mlango, navivalisha na kilemba au mkoba. Visiposogea wiki mbili, napunguza bei mapema kabla msimu haujafa. Idi, Januari ya sare za shule, misimu ya harusi na send-off, kila mmoja una tarehe yake ya mwisho, na nguo iliyochelewa kwa siku moja inasubiri mwaka.

Wazazi ni mtihani mwingine. Baba yangu alisema fundi cherehani hahitaji cheti. Sikumjibu kwa maneno. Nilimwonyesha daftari, mwaka wa pili wa biashara, akavaa miwani akalisoma kurasa zote kama gazeti, akauliza mbona umeme uko juu.

Swali la mwisho ninaloulizwa sana: ninunue nini kabla ya kuanza chuo? Cherehani acha kwanza. Nunua futi kamba, daftari gumu na mkasi mzuri wa nguo, ule mzito. Mkasi huo usikate karatasi hata siku moja, karatasi inaua makali. Wangu wa mwaka wa kwanza bado ninao, nimeufunga kitambaa chekundu ili nyumbani wote wajue. Wiki iliyopita niliukuta jikoni, unakata vichwa vya dagaa.